Kufuta Taa Si Kutengeneza Gari: Nimeitoa Ile Video Yangu

Wasee, kama mmenifuata kwa muda mnaijua ile video yangu iliyotembea kuliko zote. Ile ya kuzima taa ya injini kwa sekunde thelathini. Nimekaa kwa kiti cha dereva, kiadapta cha Bluetooth mkononi, natabasamu kama mtu aliyeshinda beti. Nakichomeka chini ya usukani, nafungua programu kwa simu, nabonyeza "futa", na ile taa ya rangi ya machungwa inapotea. Halafu naangalia kamera na kusema, "Umeona? Fundi angekuitisha thao mbili kwa hii kitu."

Leo asubuhi nimeitoa. Hakuna mtu amenitisha. Nimeitoa kwa sababu ilikuwa uongo, na huo uongo nusura umgharimu mtu wa familia yangu gari anayoilia ugali.

Kwa hivyo andiko hili ni la kuomba msamaha. Lakini pia ni la kugombana, kwa sababu huu uongo sikuuanzisha mimi. Niliukuta gereji, nikaukuta kwa yadi za magari, nikaukuta kwa komenti zenu. Mimi niliuwekea tu muziki.

Msimamo wangu ni huu, na sitauzungusha: kufuta taa si kutengeneza gari. Mtu yeyote anayekulipisha pesa kwa kufuta, bila kukuambia ni nini kiliiwasha, amekuibia. Hata kama ana ovaroli safi. Hata kama amekuita "boss" mara kumi.

Sasa wacha niwaambie kilichotokea.

Anko wangu hufanya teksi ya apu na Vitz ya lita moja, ile ya silinda tatu. Gari ni ya mkopo. Kila Jumatatu lazima pesa itoke, mvua inyeshe isinyeshe. Mwezi wa pili taa ya injini ikawaka. Akaipeleka gereji moja ya mtaani. Wakachomeka skana, wakafuta, akalipa 1,500. Siku nne, taa imerudi. Akarudi, wakafuta tena, 1,500 nyingine. Ikarudi. Mara ya tatu wakamwambia, "Hii ni sensa ya oksijeni imekufa." Wakaibadilisha, 6,500. Baada ya wiki moja, taa hiyo hapo, inamwangalia.

Ndipo alipoona video yangu. Alinipigia akicheka. "Kijana wangu, kumbe una dawa na umeninyima?"

Nikampelekea adapta yangu mwenyewe. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Kuanzia siku hiyo Anko akawa anafuta taa kila asubuhi kabla ya kutoka, kama mtu anayepiga mswaki.

Na kila asubuhi, kabla hajabonyeza, simu ilikuwa inamwandikia kitu kimoja: P0303. Kila siku. Hakuisoma. Na mimi, mtaalamu wenu wa mtandaoni, sikuwahi kumwambia aisome.

HIYO NAMBA INASEMA NINI

Mafundi huziita kodi. Si kodi ya nyumba wala ya KRA, ingawa hii pia usipoilipa mapema inakuja na faini. Ni namba ambayo kompyuta ya gari inaiweka kwenye kumbukumbu inapoona kitu hakiendi sawa.

Herufi ya kwanza inakuambia upande gani wa gari. P ni injini na gia. B ni bodi, vitu kama mito ya hewa. C ni chasisi, kwa mfano ABS. U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta, kwa sababu gari ya siku hizi haina kompyuta moja tu. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, hiyo namba ina maana moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni ya kampuni iliyotengeneza hiyo gari, na hapo lazima utafute maana yake kwa hiyo kampuni. Inayofuata inataja mfumo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni uwashaji wa moto kwenye silinda, 4 ni moshi, 7 ni giaboksi.

Sasa soma tena: P0303. Injini. Namba ya watu wote. Uwashaji. Silinda ya tatu. Yaani gari ilikuwa inasema kila asubuhi, kwa lugha iliyonyooka kuliko ya wanasiasa wetu, "Silinda yangu ya tatu haiwaki vizuri."

Na kumbuka hii ni injini ya silinda tatu. Moja ikilegea, theluthi ya wafanyakazi wamegoma.

Sasa ujue kinachofuata, kwa sababu hapa ndipo pesa ilipotokea. Silinda isipowaka, petroli yake haipotei. Inatoka ikiwa mbichi, inaingia kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega. Mnayajua masega, ile sehemu ya kusafisha moshi ambayo ndani iko kama sega la nyuki. Hayo matundu hayakutengenezwa kuwa jiko. Yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka, yanaziba. Ndiyo maana taa ya injini ina tabia mbili. Ikiwaka tu na kutulia, inakuambia tafuta fundi. Ikimetameta, inakuambia punguza mafuta SASA, kuna kitu kinaungua huko nyuma.

Baadaye nilimuuliza Anko, "Ile taa ilikuwa inametameta?"

"Eeh, nikipanda mlima na abiria. Nilidhani ni waya imelegea."

Ilimetameta miezi miwili. Miezi miwili gari ilikuwa inapiga kelele, na sisi tulikuwa tunaizima mdomo kila asubuhi na simu.

MWISHO WAKE

Siku moja anapeleka abiria Limuru, gari ikakataa kupanda. Unakanyaga mafuta, inalia, haiendi. Abiria akashuka, akachukua nyingine. Anko akavutwa na briki kurudi mjini, 5,000.

Gereji ya pili wakasema masega yameziba. Hiyo ilikuwa kweli. Halafu wakaja na pendekezo: watoe masega, wachomelee paipu tupu, na kazi yote bure, mradi tu yale ya zamani yabaki kwao.

Bure? Nairobi? Fundi gani anashinda chini ya gari mchana mzima kwa bure? Ndani ya masega kuna platini, paladi na rodi, madini ghali sana. Ndiyo sababu usiku watu wanaingia chini ya magari na misumeno. "Bure" yao ilikuwa na bei, ila hawakutaka tuijue. Na ukiweka paipu tupu, sensa iliyo nyuma inaona moshi mchafu, inawasha taa, na mnarudi kufuta milele na milele, amina.

Tukakataa. Rafiki wa Anko akatuelekeza kwa fundi mmoja mzee, mtu wa miwani na daftari. Huyu alinifunza kitu. Kabla hajashika skana, aliuliza maswali. Taa iliwaka lini mara ya kwanza? Injini ikiwa baridi au moto? Kwa mlima au kwa tambarare? Mara ya mwisho plagi zilibadilishwa lini? Halafu akachomeka skana, akaangalia, akanigeukia.

"Nani amekuwa akifuta?"

Nikanyamaza.

"Mmefuta ushahidi," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza. Kompyuta inapoweka namba, inapiga pia picha ya hali ilivyokuwa wakati huo: injini ilikuwa inazunguka mara ngapi, maji yalikuwa na joto gani, gari ilikuwa inaenda kasi gani, imebeba mzigo kiasi gani. Ukibonyeza "futa", namba inaenda na picha inaenda nayo. Pia yale majaribio ambayo gari hujifanyia yenyewe yanaanza upya kutoka sifuri. Mimi nilikuwa nadhani nazima taa. Kumbe nilikuwa nachoma faili la mgonjwa kila asubuhi, halafu nashangaa daktari hajui ugonjwa.

Sasa angalia alivyofanya, na uone kama ilihitaji uchawi. Akatoa koili ya silinda ya tatu, akaiweka silinda ya kwanza. Ya kwanza akaipeleka ya tatu. Plagi hakuzigusa. Hapo, na hapo tu, ndipo alipofuta. Tukaizungusha gari kidogo hivyo ilivyo imeziba. Namba ikarudi, lakini haikuwa P0303 tena. Ilikuwa P0301. Ugonjwa umeifuata koili. Kwa hivyo si plagi, si mafuta, si injini. Ni koili.

Ilichukua muda mfupi kuliko kunyoa kichwa.

Koili, 3,500. Tukaipata Kirinyaga Road siku hiyo hiyo. Masega ya mtumba, 30,000. Kazi ya fundi, 4,000. Ukiongeza 5,000 za kuvutwa na 9,500 zilizoliwa na gereji ya kwanza, ni 52,000. Hapo sijahesabu wiki tatu bila kazi, na malipo mawili ya mkopo yaliyopita, na zile simu za mkopeshaji zilizokuwa zinaingia saa kumi na mbili asubuhi. Kuna usiku Anko aliniuliza kama namjua mtu wa kununua friji. Aliuliza kama mzaha. Haukuwa mzaha.

Shida ya 3,500 ikawa ya 52,000, na mimi nilishika kalamu kuandika hiyo hesabu.

NAMBA NI MTAA, SI NYUMBA

Gereji ya kwanza watasema, "Lakini sisi tulibadilisha sensa!" Ndiyo, na hiyo ndiyo dhambi ya pili. Silinda isipowaka, ile hewa ambayo haikutumika inapita pia na kuingia ekzosi. Sensa ya oksijeni inaiona na kuripoti, "Huku kuna oksijeni nyingi kupita kiasi." Ilikuwa inasema ukweli! Wakafukuza shahidi, wakaajiri mwingine, naye akasema yale yale.

Hapa ndipo watu wengi, na mafundi wengi, wanapopotea. Namba inakupeleka mtaani. Haikuonyeshi nyumba. Ukiambiwa mtu anaishi Umoja, huendi kugonga mlango wa kwanza na kudai ni yeye.

Chukua P0171. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Basi. Inaweza kuwa kipaipu cha mpira kimepasuka na kinanyonya hewa ya wizi. Inaweza kuwa sensa ya hewa imejaa vumbi na inataka tu kusafishwa. Inaweza kuwa pampu ya petroli imechoka. Moja ya hizo ni mia chache, nyingine ni maelfu. Namba ni ile ile.

Au P0420. Inasema masega hayasafishi inavyotakiwa. Msee wa skana anakuambia nunua masega. Lakini inaweza kuwa ekzosi inavuja, au sensa ya nyuma inadanganya, au kama kwa Anko, kuna silinda inayoyaua. Ukinunua masega mapya ukaacha silinda mbovu, umemnunulia muuaji mtu mwingine wa kuua.

Kati ya namba na kipuri kuna kazi inayoitwa kupima. Multimita kwa waya. Kuhamisha koili. Kupulizia moshi kutafuta panapovuja. Kusoma zile data zinazotembea wakati injini inanguruma. Hiyo ndiyo fundi. Kusoma namba, hata mimi naweza, na mimi nilifeli fizikia.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Nishaanza kusikia komenti kabla sijachapisha. Twende moja moja.

"Wateja hawataki kulipia kupimwa." Hii ni kweli, na inatuuma sisi, si mafundi. Tunalipa kipuri cha 6,500 bila kupepesa macho kwa sababu tunakiona mkononi. Lakini fundi akisema, "Nipe elfu mbili nikae na hii gari masaa mawili nijue shida," tunamwita mwizi. Tumewafunza kubahatisha. Kama hutaki kulipia akili, utalipia vipuri usivyohitaji. Chagua.

"Hizi gari za Japan taa huwaka tu, ni kawaida." Zii. Sheria yetu inataka gari ya mtumba isizidi miaka 8 ikiingia nchini. Kwa nini inafika ikiwa na taa imezima na inawaka baada ya mwaka mmoja barabarani kwetu? Kwa sababu kitu kimechakaa. Hii mifumo haikuwekwa kama urembo. California ndiyo ilianza kuwalazimisha watengenezaji kuiweka, na kuanzia modeli za 1996 Marekani nzima ikaitaka kwa magari mapya, kwa sababu ya moshi. Kile kiplagi cha pini kumi na sita chini ya usukani wako kilitoka kwa vita vya hewa safi. Wewe unakitumia kuzima taa.

Nitakubali kitu kimoja. Kuna namba za uongo. Betri ikiwa imechoka, kompyuta zinaweza kuandika maneno ya homa. Fundi akichomoa sensa wakati injini inawaka, namba inabaki kwenye kumbukumbu hata akiirudisha. Kwa hivyo kufuta mara moja uone kama itarudi si dhambi. Lakini piga picha kwanza. Andika kwanza. Na ikirudi, imekujibu. Usiulize mara ya pili.

Na usidhani lazima ufute ndiyo taa izime. Ukitengeneza kitu chenyewe, kompyuta ya kawaida huizima taa yenyewe baada ya safari kama tatu bila kuiona shida tena. Gari hukubali msamaha bila kubonyezwa. Inataka tu matendo.

"Wewe unaongea kwa sababu una pesa. Mtu wa mkono kwa mdomo afanye nini?" Hii ndiyo ninayoiheshimu, kwa sababu Anko ndiye huyo mtu. Alikuwa anafuta ili apate ya leo. Namuelewa kabisa. Lakini angalia hesabu tena: 3,500 dhidi ya 52,000. Kufuta hakukumwokolea maskini pesa. Kulimkopesha shida kwa riba ambayo hata apu za mikopo zingeona aibu. Kama huna pesa leo, sawa. Soma namba, iandike, uliza maana yake, anza kuweka akiba ya kitu sahihi. Taa ikitulia, endesha pole. Ikimetameta, simama. Na ikiwa ni taa nyekundu ya oili au ya joto, zima injini hapo hapo, hiyo haina mjadala wala skana.

UONGO WA YADI

Sasa kuna wale wanaofuta si kwa kutojua, bali kwa kujua sana.

Mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki yangu kwa yadi. Gari safi, imeng'arishwa mpaka unajiona. Hakuna taa hata moja. Muuzaji anasema, "Hii ni sawa kabisa, mwanamke mmoja tu ndiye ameiendesha." Nikachomeka adapta. Hakuna namba. Rafiki yangu akaanza kutabasamu. Nikamwambia ngoja.

Nikafungua sehemu ambayo watu hawafungui: umbali tangu namba zifutwe. Gari ina kilomita zaidi ya elfu tisini. Tangu namba zifutwe, kilomita 3. Tatu! Na yale majaribio ya gari kujipima, karibu yote yameandikwa hayajakamilika. Yaani mtu ameifuta asubuhi hiyo, akaizungusha kwa yadi, akatusubiri.

Muuzaji akasema betri ilikuwa imetolewa. Inawezekana, kutoa betri kunaweza kufuta pia. Nikamwambia basi tuiendeshe mpaka majaribio yakamilike, kisha tununue. Ghafla akawa na mteja mwingine anayekuja saa nane.

Wazazi wenu wakienda kununua gari, nendeni nao. Hii ni kazi yenu. Wao wanajua kupiga teke gurudumu. Nyinyi mnajua simu.

Na kabla hata ya adapta, kuna kipimo cha bure. Washa funguo bila kuwasha injini. Taa zinatakiwa kujitokeza: ya injini, ya ABS, ya mito ya hewa. Ya injini itabaki mpaka injini iwake, hizo nyingine zinatakiwa kuwaka sekunde chache kisha kuzima. Taa ambayo haiwaki KABISA ndiyo ya kuogopa. Maana yake kuna mtu ameitoa balbu, ameibandika teipu, au amechezea waya. Kuna magari yaliyopata ajali, mito ikafyatuka, na badala ya kuweka mingine mtu akaweka kizuizi kidogo cha umeme ili kompyuta idhani mto bado upo. Dashibodi inatabasamu, na mbele ya kifua chako hakuna kitu. Hapo tumetoka kwa wizi wa pesa. Huyo anacheza na uhai wa mtoto atakayekaa kiti cha mbele.

Ndiyo maana nimekataa kuita hii "ujanja". Kuifunga kinywa mashine inayokuonya si ujanja.

NINACHOTAKA

Mimi si fundi. Mimi ni msee na simu aliyeharibu kitu na amejifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Lakini nataka haya, na naomba myadai pia.

Moja, fundi akichomeka skana, piga picha ya skrini kabla hajagusa chochote. Namba zote, na ile picha ya hali ya injini pia. Gari ni yako, ripoti ni yako. Akikataa, chomoa funguo uende.

Mbili, akikuambia badilisha kitu, muulize swali moja tu: "Umepima vipi ukajua ni hicho?" Fundi mzuri atafurahi kukueleza, hata atakuchosha. Wa kubahatisha atakasirika.

Tatu, kipuri cha zamani kirudi mkononi mwako. Hasa masega.

Nne, kufuta ni hatua ya MWISHO. Pima, tengeneza, futa, endesha, soma tena. Anayeanza na kufuta anasoma kitabu kutoka nyuma.

Tano, hii ni yetu sisi wa video. Tuache. Najua inaleta watazamaji, nimekula hizo laiki. Lakini mtu wa Kayole mwenye gari ya mkopo haangalii video yako kama burudani. Anaichukua kama ushauri. Ukionyesha kufuta, onyesha na kupima. Kama hujui kupima, onyesha unavyopika chapati.

Na nyinyi mnaosomea umekanika wa magari, hasa TVET: hapa kuna kazi. Mji umejaa watu wenye skana na hauna watu wa kutosha wanaojua kinachofuata baada ya namba. Yule mzee wa miwani ana foleni mpaka barabarani, na hana hata bango.

Anko amerudi kazini. Bado ana deni, na bado anamlipa jirani pole pole. Adapta nilimwachia, ila ameweka sheria yake: programu ni ya kusoma, ile ya kufuta haguswi na mtu. Wiki jana taa iliwaka tena. Alinipigia, na safari hii hakuwa anacheka. Hakuniuliza dawa. Alisema tu, "Kijana wangu, andika: P0171. Taa imetulia, haimetimeti. Injini ilikuwa baridi. Naenda kwa mzee."

Ilikuwa kipaipu cha mpira. Mia nne.

Mafundi mtakaokasirika, karibuni kwa komenti. Nitawajibu wote. Lakini mkija, njooni na kipimo, msije na skana tupu. Na wewe mwenye taa inayowaka sasa hivi na umeizoea kama mapambo ya Krismasi: iandike hiyo namba hapa chini kabla hujaifuta.